Kivinjari Hupimwa kwa Mega

Machi 2022 Google iliondoa kwenye Chrome ya simu za Android kitu ambacho watumiaji wengi wa London au San Francisco hawakuwahi kukigusa: hali nyepesi, iliyokuwa ikipunguza uzito wa kurasa kabla hazijafika kwenye simu. Sababu iliyotolewa ni kwamba gharama ya data imeshuka katika nchi nyingi. Kwa mtu wa Butembo, mashariki mwa Kongo, sababu hiyo ni ngumu kumeza. Hapa mega hununuliwa za siku moja na kuliwa kwa hesabu, na wapo wanaokesha ili wapakue mafaili yao saa ambazo mega ni za bei nafuu. Ukurasa wa kawaida wa wavuti siku hizi una uzito wa zaidi ya megabaiti 2. Mwenye mega 100 anafungua kurasa zisizofika 50, na hapo hajagusa video wala WhatsApp.

Kwa hiyo swali la kivinjari kipi ni bora halijibiwi kwa namna moja kila mahali. Mafundi wa Ulaya na Marekani hutumia jaribio linaloitwa Speedometer, ambalo toleo lake la 3 lilitoka Machi 2024 kwa ushirikiano wa Apple, Google, Mozilla na Microsoft. Jaribio hilo hupima jinsi kivinjari kinavyoitikia haraka kazi za ukurasa. Ni kipimo kizuri, ila huchukulia kwamba ukurasa umeshafika. Kwenye Rue d'Ambiance, mfanyabiashara anapotaka kuonesha picha ya pikipiki aliyoiona kwenye tovuti ya Guangzhou, sehemu kubwa ya muda wake inaishia kuungoja mtandao. Akili ya simu imekaa bure.

Ukweli ni kwamba wengi hawakuchagua. Chrome imo ndani ya simu tangu inatoka kiwandani, na Julai 2018 Tume ya Ulaya iliitoza Google faini ya euro bilioni 4.34, kosa mojawapo likiwa kuwalazimisha watengenezaji wa simu kuiweka humo pamoja na programu ya kutafutia. Simu nyingi za Tecno na Itel huja pia na Phoenix, kivinjari chenye habari za udaku na matangazo kwenye ukurasa wake wa kwanza. Mwenye simu hukikuta kimeshakaa, akakizoea, na baada ya mwaka anakitetea utadhani alikichagua mwenyewe. Opera Mini ina njia yake. Hii hupitishwa mkono kwa mkono, kwa Xender au Bluetooth, kutoka kwa kaka, kwa rafiki wa chuo, au kwa kijana anayetengeneza simu, kwa sababu kuitoa Play Store ni kula mega za kesho.

Sifa ya Opera Mini inastahili kuelezwa vizuri, maana wengi huipenda bila kujua inavyofanya kazi. Ilianza kujaribiwa Norway mwaka 2005 na kufunguliwa kwa dunia nzima Januari 2006, wakati simu za vitufe zilikuwa na kumbukumbu ndogo mno kuweza kuchora ukurasa kamili. Walioibuni waliamua kuiondolea simu kazi hiyo. Unapoandika anwani, ombi lako huenda kwanza kwenye seva za Opera. Seva ndiyo inayoufungua ukurasa, inazibana picha, inatupa visivyohitajika, halafu inakutumia kifurushi kilichokwisha kupikwa. Kampuni yenyewe hutaja punguzo la hadi asilimia 90. Kwa ukurasa wenye maneno mengi, punguzo kubwa namna hiyo linawezekana kweli.

Lakini kuna hali mbili, na hapa ndipo mjuzi anapotofautiana na mshabiki. Hali ya juu huuacha ukurasa karibu ulivyo, ikiubana kidogo tu. Hali ya mkazo ndiyo yenye punguzo kubwa, na ndiyo inayoharibu mambo: fomu inayobadilika unapochagua jimbo haibadiliki, ramani haisogei, kitufe cha kulipa kinabonyezwa na hakitokei kitu. Mtu anayelalamika kwamba Opera Mini haifungui tovuti ya usajili wa chuo mara nyingi anahitaji kubadilisha hali tu. Anayelalamika kwamba inakula mega kama Chrome naye huenda yuko kwenye hali ya juu bila kujua.

Namna ya kupima ni rahisi na haitaki fundi. Chukua ukurasa mmoja wenye habari na picha, kwa mfano habari moja ya Radio Okapi. Ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya matumizi ya data, uandike pembeni kila kivinjari kimekula kiasi gani mpaka sasa. Futa kache ya vyote viwili, fungua habari ileile kwa kimoja, isome mpaka mwisho, halafu kwa kingine. Rudi uangalie hesabu. Usiamini kihesabu kilichomo ndani ya kivinjari chenyewe, kile kinachojisifu kwamba kimekuokolea asilimia fulani. Muuzaji hapimi mzigo wake kwa mizani yake peke yake. Kipimo cha simu hakina upande.

Mnunuzi wa kakao kule Beni haridhiki na sura ya gunia. Hutoa punje chache, hukata kwa kisu, akaangalia rangi ya ndani kujua kama ilichachushwa vizuri. Kivinjari nacho hukatwa, na kisu chake ni WhatsApp.

Jaribio lenyewe ni hili. Fungua ukurasa mrefu, shuka mpaka katikati. Toka, ingia WhatsApp, sikiliza ujumbe wa sauti, mjibu mama, tazama picha mbili. Kisha rudi kwenye kivinjari. Kizuri kitakurudisha palepale ulipoachia, sentensi ileile juu ya kioo. Kibaya kitaonesha weupe kwa sekunde moja, halafu mstari wa rangi utaanza kutambaa juu: kinaupakua ukurasa upya, na mega zinalika mara ya pili kwa habari uliyokwisha kuilipia. Kama ulikuwa unajaza fomu, majina yote uliyoandika yamekwenda. Simu yenye kumbukumbu ya gigabaiti 1 au 2 hulazimika kuifukuza programu moja ili nyingine ipate nafasi, na mara nyingi kivinjari kizito ndicho hufukuzwa kwanza. Katika mtihani huu Opera Mini kwa kawaida huishinda Chrome kwenye simu ndogo, na Firefox, pamoja na mazuri yake yote, hupata taabu.

Kuna jambo dogo ambalo wanaopima kwa mashine hawalitaji kabisa. Ukipanua maandishi kwa vidole viwili, Opera Mini huweza kuyakunja upya yaenee kwenye upana wa kioo, wakati Chrome hukuacha ukiburuta ukurasa kushoto na kulia kila mstari. Kwa mzee mwenye macho mazito, anayesoma tovuti iliyotengenezwa kwa ajili ya kompyuta, hilo peke yake linatosha kumfanya asihame.

Mtandao ukikatika, tabia halisi hujitokeza. Kila mtu anamjua yule dinosau wa Chrome, aliyewekwa mwaka 2014, anayerukaruka juu ya miiba ya jangwani. Watoto wanampenda. Cha kuuliza ni kama ukurasa uliokwisha kusomwa dakika tano zilizopita bado unafunguka unaporudi nyuma, na kama faili lililofika katikati linaendelea au linaanza upya. Mwanafunzi wa Université Catholique du Graben anayepakua PDF ya kurasa 300 usiku anajua uchungu wa kuikuta imekwama kwenye asilimia 80. Kwa mtu wa namna hiyo, kivinjari kinachoweza kusitisha upakuaji na kuuendeleza kesho kina thamani kuliko kinachofungua ukurasa nusu sekunde mapema. Sharti seva ya upande wa pili nayo ikubali kuendeleza; zipo zisizokubali, na hapo usikilaumu kivinjari.

Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi ambao Beni na Butembo ziliahirishiwa kura yake hadi Machi 2019, serikali ilikata intaneti nchi nzima kwa takriban wiki tatu. Siku kama hizo vivinjari vyote huwa sawa. Tofauti inabaki kwa aliyekuwa amehifadhi kurasa kwenye simu: bei, mawasiliano ya wateja, maelezo ya dawa. Chrome huhifadhi, Opera Mini huhifadhi. Wachache wanabonyeza kitufe cha kuhifadhi.

Tukija kwenye injini, yaani sehemu inayouchora ukurasa, maneno mengi ya vijiweni huporomoka. Chrome, Edge, Brave, Samsung Internet na Opera kubwa zote zinaendeshwa na injini moja, Blink, ambayo Google iliichonga kutoka WebKit mwaka 2013. Anayebishana kwamba Brave huchora ukurasa vizuri kuliko Edge anabishana juu ya rangi ya mlango. Kinachoitofautisha Brave ni kuzuia matangazo tangu mwanzo, na matangazo ni mega. Firefox ina injini yake, Gecko, na kwenye Android hukubali viendelezi kama uBlock Origin, kitu ambacho Chrome ya simu haina. Kwa mwenye simu ya kumbukumbu kubwa kidogo, Firefox yenye uBlock Origin ni chaguo la heshima, na tovuti za habari zilizojaa matangazo ndizo zinazoonesha faida yake. Wenye iPhone wao wana habari fupi: huku kwetu vivinjari vyote vya iPhone hutumia WebKit ya Apple chini ya jina lolote.

Chrome ina nguvu yake ambayo haifai kunyimwa. Ukifungua tovuti ya Kichina inayouza kwa jumla, inaitafsiri kwa Kifaransa au Kiswahili papo hapo. Tafsiri hiyo huchekesha mara nyingine, lakini mtu anaweza kujua bei ya katoni na idadi ya chini ya kuagiza bila kumlipa mkalimani. Kwa mji unaoishi kwa kuagiza mizigo, si jambo dogo.

Sasa siri. Opera Mini inapokuwa kwenye hali ya mkazo, seva zake ndizo zinazoufungua ukurasa, hata ule wenye alama ya kufuli. Opera yenyewe imewahi kuwaandikia watumiaji wake kwamba asiyeiamini kampuni asiingize humo habari nyeti. Huo ni uungwana, na ni onyo. Akaunti ya benki na nywila ya barua pepe zina mahali pengine pa kufunguliwa. UC Browser, iliyopendwa sana kwa kupakua video, ilichunguzwa na Citizen Lab ya Toronto mwaka 2015 na kukutwa ikivujisha taarifa za watumiaji. Juni 2020 India ikaipiga marufuku pamoja na programu nyingine 58 za Kichina, katikati ya mgogoro wa mpaka. Mbaya kuliko zote ni matoleo yaliyochezewa, yale yanayoitwa handler, yanayoahidi mega za bure. Aliyeyafungua na kuyashona upya hajulikani, na kila unachoandika kinaweza kupita mikononi mwake.

Umri wa simu nao huhukumu. Chrome toleo la 139, lililotoka Agosti 2025, halikubali tena Android 8 wala 9. Simu ya mtumba iliyokuja kupitia Kampala inaweza kuwa na kioo kizuri na betri nzuri, lakini kama ni ya Android hizo, Chrome yake imesimama kwenye toleo lililotangulia milele, haipati tena viraka vya usalama. Kabla ya kutoa pesa, ingia kwenye mipangilio usome nambari ya Android. Muuzaji akikuambia nambari hiyo haina maana, rudisha simu mezani.

Hukumu, basi, ni ya kivinjari zaidi ya kimoja. Kwenye simu ndogo weka Opera Mini katika hali ya mkazo kwa kusoma habari na kutafuta, na Chrome iliyosasishwa kwa fomu, pesa na nywila. Mwenye gigabaiti 4 za kumbukumbu aongeze Firefox na kizuia matangazo chake. Phoenix inaweza kuzimwa kwenye mipangilio bila hasara yoyote. Na mtu akikutumia kivinjari kwa Xender, kabla hujakifungua, muulize yeye alikitoa wapi.