Kwa Heshima ya Fundi wa Cheche

Kutoa platini kwenye Land Rover ya zamani na kuweka kifaa cha elektroniki ni kazi ndogo kwa kuitazama. Unafungua kifuniko cha distribyuta, unachomoa roto, unalegeza skrubu moja au mbili, unatoa platini na kondensa. Unaweka kijisanduku cheusi chenye waya mbili, unavika pete ya sumaku kwenye shafti, unarudisha roto na kifuniko. Aliyeizoea huimaliza kabla chai haijapoa. Kwa sababu hiyo wengi huidharau, wakadhani ni kazi ya yeyote mwenye bisibisi. Mimi naona kinyume. Sijui kazi nyingine ya gereji inayomtenga upesi namna hii fundi na mfungua nati.

Tuanze na kile kinachotolewa, kwa kuwa kilifanya kazi ya heshima. Charles Kettering, mhandisi wa Dayton, Ohio, ndiye aliyeupa mfumo wa platini sura iliyoenea duniani, na kampuni ya Cadillac ikaanza kuutumia kwenye magari yake ya mwaka 1910. Wazo lenyewe ni rahisi. Platini zikiwa zimefungana, umeme wa betri hupita kwenye koili na koili hujaa nguvu ya sumaku. Kamu iliyo kwenye shafti ya distribyuta hufika, ikasukuma kisigino cha platini, platini zikaachana. Sumaku ile huporomoka mara moja, na katika kuporomoka kwake huzaa umeme wa maelfu kwa maelfu ya volti. Umeme huo hupita kwenye roto, ukachaguliwa waya wake, ukashuka hadi kwenye plagi na kuruka. Kondensa kazi yake ni kuhakikisha kwamba umeme haurukii kwenye platini zenyewe na kuziunguza.

Sasa tazama mzigo wa vipande hivyo viwili vya chuma. Injini ya petroli ya lita 2.25, iliyosukuma Land Rover nyingi za Series II na Series III, ina silinda nne. Ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, platini hufunguka mara 6,000 katika dakika hiyo, yaani mara 100 kila sekunde. Kila zinapofunguka, nafasi baina yake hutakiwa iwe kati ya milimita 0.35 na 0.40. Hivi ndivyo magari ya mabwana shamba, ya misheni, ya hospitali na ya wanyamapori yalivyopanda milima ya Sekenke na Kitonga miaka nenda miaka rudi, yakitegemea uwazi usiofikia nusu milimita.

Fundi wa platini alikuwa msomaji. Alizisoma nyuso zake: zikiwa za kijivu safi, mambo ni sawa, zikiwa nyeusi zimeungua, kuna mafuta yaliyopanda kutoka chini au kondensa imechoka, zikiwa na kishimo upande mmoja na kichuguu upande wa pili, chuma kinahama kutoka huku kwenda kule. Alijua kwamba kisigino kikilika nafasi hupungua, na nafasi ikipungua platini hufunguka kwa kuchelewa, cheche nayo ikachelewa. Dereva anachokiona yeye ni gari kuchoka mlimani, kupata joto na kunywa petroli. Fundi alipitisha msasa laini, akafuta vumbi lake, akapima nafasi kwa filagauji, na kama hana filagauji alikata kipande cha boksi la kiberiti akakitumia hicho. Asicheke mtu. Kipande hicho kiliwafikisha abiria nyumbani.

Mbona basi tuziondoe? Sababu ya kwanza ni ya sokoni. Platini nzuri zimekuwa adimu. Nyingi zinazouzwa leo zina springi dhaifu na kisigino laini kinacholika upesi, na kondensa zake hazina uhakika. Fundi anaweza kuseti vizuri asubuhi, gari likaanza kumisi kabla ya mwezi kwisha, na lawama ikamwangukia yeye. Sababu ya pili ni kwamba waliobaki wanaojua kuziseti wanazeeka, na vijana wengi wamekulia kwenye magari ya kompyuta. Sababu ya tatu ni ya haki kabisa: kifaa cha elektroniki hufanya kazi ile ile vizuri zaidi.

Ubora wake hauna uchawi. Mwaka 1879 kijana Mmarekani aitwaye Edwin Hall, akiwa bado mwanafunzi wa chuo kikuu Baltimore, aligundua kwamba umeme unaopita kwenye kipande chembamba cha dhahabu husukumwa pembeni sumaku ikisogezwa karibu. Vifaa vingi vinavyowekwa leo badala ya platini vimejengwa juu ya ugunduzi huo. Sumaku iliyo kwenye shafti ikipita mbele ya kihisio, transista huukata umeme wa koili kama platini zilivyokuwa zikiukata. Hapana kinachogusana na kingine, hivyo hapana kisigino cha kulika wala uso wa kuungua. Viwanda vikubwa vilikwisha kuuona ukweli huu zamani. Chrysler iliuweka mfumo wa elektroniki kwenye magari yake yote ya modeli za 1973 huko Marekani, wakati sheria za hewa safi zilipokuwa zikidai moshi wa injini ubaki ndani ya kipimo kwa maili 50,000. Platini zisingeweza kuahidi hivyo.

Lakini hapa ndipo ufundi unapoanza, maana kifaa kipya huingia ndani ya distribyuta ya zamani, na hakina uwezo wa kuitengeneza. Fundi ninayemsifu hafungui pakiti kwanza. Hushika ncha ya shafti kwa vidole viwili akaitikisa kulia na kushoto. Ikicheza, bushi zimelika, na cheche za silinda moja zitawahi huku za nyingine zikichelewa, hata uweke kifaa cha bei gani. Kisha huinua bamba la platini na kutazama chini yake, mahali ambapo wengi hawajawahi kupatazama. Kuna vyuma viwili vizito na springi zake. Injini ikiongeza kasi, vyuma hivyo hutanuka na kuiwahisha cheche, kwa sababu petroli huhitaji muda wa kuungua na pistoni haingoji. Katika gari lililokaa miaka bila kufunguliwa, grisi huko chini imekauka ikawa gundi, na vyuma vimeganda. Mwenye gari hulalamika kwamba gari halina nguvu, hubadilishiwa plagi, hubadilishiwa kabureta, na kumbe ugonjwa umelala chini ya bamba.

Akitoka hapo hukagua kijiwaya kimoja kifupi kinacholiunganisha bamba na mwili wa distribyuta. Bamba hilo husogea kila mara likivutwa na vakyumu, na kijiwaya husogea nalo, hata siku moja nyuzi zake zikakatika ndani ya ganda huku nje kinaonekana kizima. Gari husimama vizuri likinguruma, ila ukikanyaga mafuta linakohoa. Vifaa vingi vya elektroniki hupata ethi yake kupitia bamba hilo hilo. Ukiviweka bila kukiangalia kijiwaya, umenunua kifaa kipya kwa ajili ya kikohozi cha zamani.

Halafu huja hesabu ya umeme. Koili ya kawaida ya volti 12 ina ukinzani wa omu 3 hivi. Koili yenye ukinzani mdogo kuliko anaoutaka mtengenezaji wa kifaa huvuta umeme mwingi, transista ikachemka. Magari mengine yana resista kabla ya koili, na waya wa kulisha kifaa hupaswa kuchukuliwa kabla ya resista hiyo, kwenye umeme kamili wa swichi. Land Rover za miaka ya mwanzo ziliunganishwa betri zake kwa upande wa chanya kwenye bodi, kinyume na tulivyozoea. Kifaa kilichotengenezwa kwa ethi hasi hufa humo pale pale swichi inapowashwa. Waya za plagi nazo, zikiwa za shaba tupu zisizo na ukinzani, humwaga kelele za umeme zinazokivuruga kifaa. Fundi anayejua haya hana haja ya kuyatangaza. Utamjua kwa mita yake ya kupimia na kwa maswali anayokuuliza kabla ya kushika bisibisi.

Mwisho kabisa huseti taimingi upya. Wengi huiruka hatua hii kwa kuwa gari limewaka. Gari kuwaka si ushahidi. Kihisio hakikati umeme mahali pale pale platini zilipokuwa zikikata, kwa hiyo alama za zamani za mkao wa distribyuta hazina tena thamani. Hufungwa taa ya taimingi kwenye waya wa silinda ya kwanza, injini ikiwa sailensa, yaani ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, alama ya puli ikaonekana imesimama kwenye mwanga. Naye huizungusha distribyuta kidogo sana, upana wa ukucha, mpaka alama ikae panapotakiwa. Kisha huongeza kasi na kutazama kama alama inasogea kwa utulivu na kurudi. Ikirudi kwa mashaka, anarudi chini ya bamba.

Kifaa hiki kina hasara yake, na msifu mkweli haifichi. Platini huugua kabla ya kufa. Kifaa cha elektroniki hufa bila kuugua. Platini zilizochoka hukupa wiki za kukohoa na kupungua nguvu, na njiani kipande cha msasa huweza kuzifufua. Kifaa kikiungua, kimekwisha, hakuna wa kukikwangua. Baadhi yake huungua kwa sababu ndogo tu ya kuacha swichi wazi wakati injini imezimwa. Wala hakiponyi kifuniko kilichopasuka: ukivuka mto na maji yakaingia ndani ya distribyuta, cheche itapotea njia kama ilivyokuwa ikipotea enzi za babu.

Kwa hiyo wahenga waliposema usiache mbachao kwa msala upitao, hawakumzuia mtu kununua msala. Walimkataza kutupa mbachao. Fundi mwema huzisafisha platini za zamani, akazifunga pamoja na kondensa yake na skrubu zake, akamwekea mwenye gari kwenye dashibodi, pamoja na kipande cha kiberiti ikibidi. Hakutoboa tundu jipya, hakukata waya wa asili, hakusaga chochote. Siku kifaa kikifa katikati ya Manyoni na Itigi, dakika chache zinatosha kurudi kwenye mfumo wa Kettering na kuendelea na safari. Mabadiliko yanayoweza kurudishwa nyuma ni dalili ya fundi anayemheshimu aliyelitengeneza gari kabla yake na atakayelitengeneza baada yake.

Wapo wanaosema gari la zamani liachwe kama lilivyotoka kiwandani, na anayeweka sumaku ndani ya distribyuta ameliharibia asili. Ningekubaliana nao kama magari hayo yangekuwa ya makumbusho. Lakini Land Rover nyingi za kwetu bado hubeba magunia, mbegu na wagonjwa, na gari linalofanya kazi lina haki ya kupata cheche ya uhakika. Wapo pia wanaosema kila cha zamani kitupwe. Hao ndio ninaowaogopa zaidi, maana huweka kifaa kipya juu ya shafti inayocheza, vyuma vilivyoganda na waya zilizokatika, halafu wakakilaumu kifaa.

Basi ewe mwenye gari la zamani, ukitaka kuingia kwenye elektroniki, ingia bila hofu. Ila usimtafute anayeuza kifaa kwa bei nafuu. Mtafute anayejua platini. Mruhusu akae na distribyuta yako mezani muda wote anaouhitaji, na umlipe kwa muda huo, kwa sababu kifaa kinanunuliwa dukani na ujuzi wake haununuliwi huko. Na wewe kijana wa gereji unayeona platini ni mambo ya wazee, kaa karibu na mzee huyo angali yupo, ujifunze kuziseti. Hutaweza kukiweka vizuri kinachozirithi kama hujui zilikuwa zikifanya nini.