Ustadi wa Kusoma Kromosomu

Kromosomu hazionekani kwa pupa. Mtaalamu wa maabara huanza na damu mbichi: chembe nyeupe huziwekea dutu inayotokana na maharage, inayozichochea zigawanyike, akaziacha kwenye joto la mwili kwa siku tatu hivi. Kisha hutia dawa inayosimamisha mgawanyiko katikati, wakati kromosomu zimejikunja, fupi na nene. Hufuata maji yenye chumvi hafifu, nazo seli huvimba. Hapo ndipo mkono mzoefu hujulikana. Maji yakikaa mno, seli hupasuka na kromosomu hupotea; yakiondolewa mapema, hubaki zimerundikana zisihesabike. Kwa mbinu hiyo ya maji hafifu, mwaka 1955 huko Lund, Uswidi, Joe Hin Tjio na Albert Levan walithibitisha kwamba binadamu ana kromosomu 46. Kwa miaka zaidi ya 30 wataalamu walikuwa wakiamini ni 48.

Ikifika zamu ya rangi, Giemsa hutumika, ileile ambayo maabara zetu hutafutia vimelea vya malaria. Kromosomu zikipitishwa kwanza kwenye kimeng'enya kwa muda mfupi, rangi hutokeza mapingili, meusi na meupe, kama ya muwa. Kila kromosomu ina mapingili yake. Kwa hayo mtaalamu huzipanga jozi kwa jozi. Kromosomu namba 21 zikiwa tatu badala ya mbili, ni sindromu ya Down.

Aliyeufikisha ustadi huu mbali ni Janet Rowley, daktari wa Chicago. Mwaka 1960, Peter Nowell na David Hungerford wa Philadelphia walikuwa wamegundua kromosomu fupi kupita kiasi katika aina moja ya saratani ya damu, ikadhaniwa kipande chake kimepotea. Rowley alikata picha za kromosomu kwa mkasi, akazipanga kwenye meza ya chakula nyumbani kwake. Hakuishia kwenye ile fupi. Alizikagua zote, akaona namba 9 imerefuka kidogo. Kipande cha ile fupi, namba 22, kilikuwa kimehamia huko. Alichapisha ugunduzi huo mwaka 1973.

Baadaye ilibainika kwamba namba 9 na 22 hubadilishana vipande, na palipoungwa huzaliwa jeni jipya linaloiamuru seli igawanyike bila kikomo. Dawa ya kulizima agizo hilo, imatinib, iliidhinishwa Marekani mwaka 2001, na wagonjwa wengi sasa huishi miaka mingi kwa vidonge.

Siku hizi kompyuta hupendekeza mpangilio, lakini jicho la mtaalamu ndilo huamua. Kwa kawaida hukagua seli 20 za mgonjwa mmoja. Hata akiona kasoro kwenye seli ya kwanza, haachi kazi hapo. Huendelea mpaka ya mwisho, kwa sababu kasoro moja inayoonekana haraka yaweza kuficha nyingine. Nidhamu hiyo ndiyo ninayoistahi kuliko vifaa vyote vya maabara.