Ramani Inayojua Mito, Isiyojua Watu

Tumezoea kuhakiki riwaya na filamu. Mimi leo nahakiki ramani: zile za zamani za Survey of Kenya, kipimo cha 1:50,000, zilizochorwa kwa msaada wa wapimaji wa Uingereza kutokana na picha za ndege. Nazungumzia karatasi za Ruiru na Thika, kabla ya maghorofa.

Cha kwanza utakachoona ni kahawa. Kahawa kila mahali, na ukishuka mashariki, mkonge. Mashamba yana majina, tena yameandikwa wazi. Reli iliyofika Thika mwaka 1913 inapita kama uzi mweusi. Na waliochuma hiyo kahawa? Vidoti. Elspeth Huxley, katika The Flame Trees of Thika (1959), angalau anakusikilizisha watu, japo kwa masikio ya walowezi. Ramani haikupi hata hilo. Ukiisoma kama hadithi, ni hadithi ambayo shamba ndilo mhusika mkuu na binadamu ni mapambo.

Majina nayo yana ukaidi wake. Leo unashuka matatu Kahawa Wendani na hakuna mti wa kahawa hata wa dawa. Karibu ekari 5,000 za mibuni pale Ruiru zimekuwa Tatu City.

Lakini kuna kitu ambacho siwezi kuinyima ramani hii: inajua maji. Ruiru, Ndarugu, Thika, Chania, yote inateremka kutoka milima ya Aberdare, na mistari ya mwinuko inakuonyesha bonde linapoanza kubana na linapolala tambarare. Vijito vidogo pia vimo, hata vile ambavyo kiangazi vinaonekana kama mtaro tu.

Sasa weka kando yake brosha ya ploti za 50 kwa 100. Mistari imenyooka, nyasi ni kijani kibichi, familia inacheka. Mto hakuna! Wakoloni walifuta watu. Madalali wetu wanafuta maji, na ufutaji huu wa pili unaua pia. Mvua za Machi hadi Mei 2024 zilileta mafuriko yaliyoua zaidi ya watu 200 nchini, na mabonde hayajawahi kuwa siri. Yamechorwa miaka mingi.

Survey of Kenya wako Ruaraka, hapo hapo Thika Road. Kabla hujalipa dipoziti, pitia uulizie karatasi ya eneo lako, utafute ule mstari wa samawati, kisha mwambie ajenti akuonyeshe ploti yako iko upande gani.