Jiwe Lisilochongwa: John Clare na Kijiji cha Helpston

Katika miaka ya 1820, akiwa na umri wa miaka thelathini na ushei, mshairi John Clare aliandika wasia juu ya kaburi lake. Alitaka azikwe upande wa kaskazini wa makaburi ya kanisa la Helpston, pale ambapo jua la asubuhi na la jioni hukawia kuondoka. Alitaka jiwe gumu lisilochongwa, mfano wa yale yanayosimamishwa kando ya barabara kuhesabia maili, ili watoto wachezao wasije wakalivunja. Liandikwe maneno machache, wala lisitiwe tarehe; kwani jiwe hilo, kwa maoni yake, lilifaa kuishi au kufa pamoja na mashairi yake.

Alifariki tarehe 20 Mei 1864 katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Northampton. Maiti ikasafirishwa kwa reli hadi kijijini, ikazikwa upande wa kusini. Jiwe likachongwa likachongeka, na maandishi yake yakamwita Clare mshairi mkulima wa Northamptonshire, kisha yakaongeza kuwa mshairi huzaliwa, hatengenezwi. Hayo ndiyo anayoyakuta mgeni hadi leo, na kila moja kati ya kauli hizo mbili imewapoteza wasomaji kwa namna yake.

Helpston ni kijiji kidogo cha nyumba za mawe ya chokaa, karibu na mji wa Peterborough. Mambo ya kale yaliyomo huonekana yote kwa muda mfupi: msalaba wa soko wa Zama za Kati, mnara wenye ncha uliojengwa mwaka 1869 kumkumbuka Clare, kanisa la Mtakatifu Botolph, kilabu cha Blue Bell, ambapo Clare alitumikia utotoni, na pembeni yake nyumba yenye paa la nyasi alimozaliwa tarehe 13 Julai 1793. Nyumba hiyo ilinunuliwa mwaka 2005 na wadhamini wa urithi wake, ikatengenezwa na kufunguliwa kwa wageni. Ni nyeupe, safi, inapendeza. Mtu akiitazama atadhani familia ya Clare ilikaa kwa nafasi, ilhali ilikuwa imegawanywa kwa wapangaji kadhaa, na baba yake, Parker Clare, kibarua wa kupura nafaka, hakuwa na uwezo wa kuipanga yote.

Hapo ndipo neno "mkulima" linapoanza kuleta taabu. Mfasiri wa Kiswahili akiliandika, msomaji wa pwani atamwona mtu mwenye shamba lake, hata kama ni la minazi kumi. Clare hakuwa na shamba. Alikuwa kibarua: alilima kwa plau ya watu, alichoma chokaa kwenye tanuu za watu, na sheria ya Bunge ya mwaka 1809 ilipoamuru ardhi ya Helpston na vijiji jirani igawanywe na kuzungushiwa ua, yeye alikuwa miongoni mwa waliolipwa kujenga ua na kupanda miche ya miiba. Aliyeulilia ua huo katika tungo zake aliupanda kwa mikono yake. Hakuna mnara unaolisema hilo.

Ama kauli ya kuwa mshairi huzaliwa, ni sifa inayomnyang'anya mtu jasho lake. Clare alipokuwa na umri wa miaka kama kumi na mitatu aliuona utenzi mrefu wa James Thomson juu ya majira ya mwaka, The Seasons. Akajikusanyia shilingi moja na nusu, akamhonga mwenziwe amchungie farasi, akaenda Stamford kwa miguu kuununua. Alipokuwa akirudi hakuweza kusubiri. Akapanda ukuta wa bustani ya kasri la Burghley, akajificha humo akausoma. Tangu hapo alisoma kila alichokipata, akaandika kwenye vipande vya karatasi, akafuta, akaandika tena, mpaka akaacha nyuma yake mashairi zaidi ya elfu tatu. Matajiri wa London walifurahia kuamini kwamba utungaji ulimtoka kama maji ya chemchemi, kwa sababu chemchemi haidai ujira. Mtu aliyejisomesha peke yake anastahili asemwe kwamba alisoma.

Mwaka 1820 kitabu chake cha kwanza kilitolewa na John Taylor, aliyekuwa pia mchapishaji wa Keats, na katika mwaka huo huo ugawaji wa mashamba ya Helpston ukakamilishwa. Kilisomwa mno. Humo mlikuwa na shairi lililobeba jina la kijiji, na ndani yake mistari iliyoulaani utajiri kwa kuwanyang'anya maskini ardhi. Lord Radstock, mmoja wa wafadhili wa Clare, alidai mistari hiyo iondolewe, na katika matoleo yaliyofuata ikaondolewa. Taylor naye alirekebisha tahajia, akatia alama za uandishi, akapunguza maneno ya lahaja. Wahariri wa Oxford wakiongozwa na Eric Robinson, waliomaliza kazi yao mwaka 2003, waliyarudisha mashairi kama yalivyo katika hati za mkono, bila nukta wala mkato. Msomaji huzama kidogo mwanzoni, kisha hugundua kwamba pumzi ya mstari inatosha kumwongoza. Anayeandika kwa mizani na vina halihitaji somo hilo.

Lahaja ndiyo mtihani wa mfasiri. Clare humwita konokono "pooty", na dimbwi dogo la maji "pudge". Ukitia Kiswahili sanifu, maana inafika lakini kijiji kinabaki njiani. Ukitia Kimakunduchi au Kipemba, kijiji kinafika, ila kimekwisha kuota minazi. Ya pili ni hasara ndogo zaidi, maana Clare aliumizwa na waliomsafisha kuliko waliomwona mgeni. Isitoshe, kitabu chake cha 1820 kilikuwa na sherehe ya maneno mwishoni, mfano wa diwani zetu. Aliyeishi na sherehe anaweza kufasiriwa kwa sherehe.

John Barrell, katika kitabu chake cha mwaka 1972, alionyesha kwamba kabla ya kugawanywa ardhi, Helpston ilikuwa na mashamba makubwa matatu yaliyo wazi yakikizunguka kijiji, na kwamba mashairi ya Clare nayo huzunguka, hayaendi mbele kwa mstari ulionyooka kuelekea upeo wa macho. Hoja hiyo ina nguvu, na inaeleza kwa nini kuhamia Northborough mwaka 1832, mwendo wa maili tatu tu, kulimfanya atunge kama aliyepelekwa uhamishoni. Inaeleza pia safari ya Julai 1841, alipotoroka hospitali ya High Beach kwenye msitu wa Epping, akatembea maili themanini kwa siku nne, akila majani ya kando ya barabara, akimtafuta Mary Joyce, mpenzi wa utotoni, aliyekwisha kufa tangu 1838. Aliandika mwenyewe kisa hicho, na nathari yake haina machozi hata tone.

Mnara wa 1869, basi, na jiwe la kaburi, vitazamwe upesi. Kila Julai wanafunzi wa shule ya kijiji hulizunguka kaburi kwa vipande vya udongo vilivyochomekwa maua ya porini, desturi ambayo Clare aliipenda hata akaikusudia iwe jina la diwani iliyochapishwa baada ya kufa kwake. Hilo linaukaribia wasia wake kuliko maandishi yote ya mchonga mawe.

Linaloukaribia zaidi liko nje ya kijiji, kwenye machimbo ya zamani aliyoyaita Swordy Well. Katika shairi alilolitungia mahali hapo, ambalo halikuchapishwa akiwa hai, ardhi yenyewe ndiyo inayosema, mfano wa fukara aliyeangukia sadaka ya kijiji: inawalalamikia waliochimba mawe na mchanga wake, na kwamba nyuki na vipepeo hawana tena pa kutua. Katika karne ya ishirini shimo hilo lilitupwa taka, kisha likawa uwanja wa mbio za magari. Mwaka 2003 wahifadhi wa eneo hilo walilinunua, na maua ya ardhi ya chokaa yakaanza kurudi. Kutoka kanisani ni mwendo wa miguu usiofika saa moja.