Bahari Ukutani: Kuhusu Michoro ya Wyland

Katika mijadala yetu ya utamaduni, maneno "sanaa ya umma" hutajwa mara nyingi kuliko yanavyopimwa. Hapa nakusudia kuyapima kwa kazi ya msanii mmoja wa Marekani, Robert Wyland, aliyezaliwa mwaka 1956 na kujipatia riziki na sifa kwa kuchora viumbe wa baharini juu ya kuta za majengo. Kati ya mwaka 1981 na 2008 alichora kuta mia moja. Ya kwanza Laguna Beach, California, ya mwisho Beijing. Mtu aliyefanya jambo moja mara mia anastahili kuhakikiwa, hata kama wenye majumba ya sanaa humtazama kwa pembe ya jicho.

Jina alilozipa kuta hizo lina utani ndani yake. Kwa Kiingereza hutamkwa karibu sawa na Ukuta wa Maombolezo wa Yerusalemu, ila maana yake ni kuta za uwindaji wa nyangumi. Utani huo una majonzi. Alipoanza, nyangumi walikuwa wakivuliwa kibiashara. Azimio la kimataifa la kusimamisha uvuvi huo lilipitishwa mwaka 1982 na kuanza kutumika 1986. Kudai kwamba kuta ndizo zilizoleta azimio hilo ni kutia chumvi, lakini zilisukumwa na upepo ule ule.

Tuanze na fani, kwa kuwa ndiko nguvu yake iliko. Kitabuni nyangumi hana budi kuwa mdogo kuliko kiganja cha msomaji. Nyangumi wa kijivu hufikia urefu wa mita 14 hivi, na yule wa buluu hukaribia mara mbili ya hapo. Wyland alikusudia kumchora mnyama kwa kimo chake halisi, na kwa uamuzi huo mmoja ukuta ukaacha kuwa pambo, ukawa kipimo. Mpita njia hahitaji kusoma wala kulipa kiingilio. Husimama chini ya ubavu wa mnyama na kujipima mwenyewe. Mtunzi wa mashairi anaielewa hali hiyo: mizani ikipungua, maana nayo hupungua.

Kazi yake kubwa kuliko zote, na kwa maoni yangu iliyo bora, ni ile ya mwaka 1992 katika ukumbi wa michezo wa Long Beach, California, yenye ukubwa wa futi za mraba 116,000 hivi. Jengo lenyewe ni la duara. Hakuna mahali unapoweza kusimama ukaliona lote. Huna budi kulizunguka kwa miguu, na kila hatua nyangumi mmoja hupotea upande huu huku mwingine akijitokeza upande ule, kama wafanyavyo baharini. Bapa la ukuta mnyoofu lisingeweza kumpa msanii zawadi hiyo, naye aliijua thamani yake. Na ikumbukwe kuwa mchoraji aliye juu ya jukwaa, na mashine ya kupulizia rangi mkononi, haoni nyangumi. Huona eneo la buluu mbele ya pua yake. Kuushika mkunjo wa mgongo wa mita kumi na zaidi kwa namna hiyo si kazi ya mtu wa kubahatisha.

Rangi zake nazo zina ukweli wake. Kadiri mtu anavyozama, maji humeza wekundu kwanza, na buluu hubaki mwishoni. Ndiyo maana kuta hizi zimetawaliwa na buluu, na mwanga hushuka kutoka juu kwa mistari. Kasoro ni kwamba mwanga huo hauchoki. Pomboo wake huruka daima, na nyuso za wanyama wake hukaribia tabasamu. Ukuta wa ishirini hautuambii mengi ambayo ule wa kumi haukusema.

Katika maudhui nina shaka kubwa zaidi. Bahari ya Wyland haina watu. Hakuna mtumbwi, hakuna wavu, hakuna kuli. Long Beach ni mji wa bandari, mojawapo ya zile kubwa kabisa Marekani, lakini wanaokula jasho la bahari hiyo hawamo ukutani mwake. Sababu tunaielewa: alitaka nyangumi aonekane kuwa kiumbe, si pipa la mafuta, na kwa hiyo akamwondoa mwindaji. Lakini pamoja na mwindaji amewaondoa wote. Hiyo ni bahari ya mzamiaji anayekuja kutazama na kurudi nyumbani. Sisi wa pwani hii, ambako nyangumi wenye nundu hupita kati ya Julai na Oktoba, bahari tunaijua kwa kusi na kaskazi, kwa bamvua, kwa dema. Hata rangi tumezizoea katika kazi, kama lile jicho lililochorwa kwenye omo ya jahazi.

Kuhusu riziki, wako wanaomlaumu kwa kuwa anauza picha na sanamu katika maduka yake ya sanaa, na kwamba kuta ni tangazo la maduka hayo. Lawama hiyo sioni uzito wake. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, naye aliuza ili ale. Shida iko kwingine: mchoro ni wa msanii, ukuta ni wa mwenye nyumba. Mwaka 1997 Wyland alichora nyangumi juu ya jengo refu la Broderick, Detroit, mji wa mafundi wa magari ulio mbali kabisa na bahari. Baadaye nyangumi hao wamefunikwa kwa turubai za matangazo ya biashara, wakafunuliwa, wakafunikwa tena. Marekani ina sheria ya mwaka 1990 inayomlinda msanii dhidi ya kuharibiwa kwa kazi yake. Lakini turubai halikwangui rangi, linaziba macho ya watu tu.

Siku manispaa zetu zitakapompa mchoraji ukuta wa soko la samaki, tuseme pale Feri, natamani amchore nyangumi kwa kimo chake chote, na mvuvi naye kwa kimo chake kando yake. Kabla hajapanda jukwaani, iandikwe katika mkataba ni miaka mingapi ukuta huo hautapakwa chokaa wala kutundikwa tangazo la sabuni.