Jibu Lilitangulia Swali

Mlioshiriki kikao cha saratani cha juma lililopita, kwa njia ya video, mliona wenyewe. Daktari kijana wa Rumonge alifungua kwa picha ya mtoto, taya la kulia limevimba hadi jicho limesukumwa juu. Kabla hajataja umri wala kijiji, mwenyekiti aliyekuwa Bujumbura akaagiza slaidi ya majibu ya biopsi itangulie, ili kuokoa muda. Ikatangulia: limfoma ya Burkitt. Kikao kiliishia hapo, ingawa tulibaki mbele ya skrini karibu saa nzima.

Uamuzi ule ulikuwa kosa, na sioni wa kuutetea. Jibu likishatajwa, akili haitafuti tena, inapanga dalili zikubaliane nalo. Madaktari walio mafunzoni waliona kila kitu kikinyooka: umri unafaa, taya linafaa, tumbo kwenye ultrasaundi linafaa. Hakuna aliyelazimika kupima kama ni jipu la jino, sarkoma ya mfupa, au saratani iliyoanzia jichoni. Na usiku wa zamu pale Rumonge hakuna slaidi ya majibu. Kuna mtoto, uvimbe na mama. Majibu ya biopsi huweza kuchukua majuma, na uvimbe huu huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Anayepaswa kuushuku mapema ni yule yule kijana aliyenyang'anywa nafasi ya kufikiri mbele yetu.

Mbaya zaidi ni kilichompata muuguzi. Dakika za mwisho, upande wa Rumonge, alisema mama alikuwa ameona magego yakilegea kabla uso haujavimba, na moja lilikuwa limetoka lenyewe wakati wa kula. Mwenyekiti akashukuru, akaita mgonjwa anayefuata. Kulegea kwa meno kabla ya uvimbe ni miongoni mwa dalili za kwanza kabisa za Burkitt ya taya! Ilikuwa kauli yenye thamani kuliko zote siku ile, ikaja wakati hakuna aliyeihitaji, maana jibu lilikuwa limeshabandikwa.

Yapo yaliyokwenda sawa: ultrasaundi ya tumbo ilisomwa vizuri, na hoja ya maji ya kutosha pamoja na alopurinoli kabla ya siklofosfamidi, ili figo zisizidiwe seli zikivunjika kwa wingi, ilikuwa sahihi.

Lakini utaratibu wa kuacha jibu hadi mwisho si mgeni. Mwanzoni mwa karne iliyopita Richard Cabot, pale Boston, alimpa daktari historia ya mgonjwa bila jibu, akamwacha ajitetee hadharani, ndipo mwanapatholojia akasimama. Karibu nasi, katika hospitali ya Mulago, Uganda, mwaka 1957, daktari Hugh Trowell alimwita mwenzake Denis Burkitt amwone mtoto aliyevimba taya pande zote. Hakumpa jina la ugonjwa, kwa kuwa halikuwepo. Burkitt akapiga picha, akabaki na swali. Muda si mrefu, akiwa Jinja, akamwona dirishani mtoto mwingine mwenye uso wa namna ile, akampapasa na tumbo, akakuta uvimbe. Swali lililobaki wazi ndilo lililomtoa nje akamtazame. Wazee wale walikuwa na vifaa vichache kuliko sisi, na walifundishana vizuri kuliko sisi.

Na lipo swali ambalo Burkitt angeliuliza kwanza, ambalo kwetu halikuulizwa kabisa: mtoto anatoka wapi? Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walisafiri kwa gari kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, hospitali kwa hospitali, wakibainisha wapi uvimbe huu upo na wapi haupo. Ulifuata nyanda za chini, zenye joto na mvua, yaani nchi ya malaria. Mwambao wa Rumonge, kwenye mita kama 770 juu ya bahari, ni nchi hiyo hasa. Mtoto yule yule angekuwa mzaliwa wa Mugamba, juu ya mita 2,000, na hajawahi kushuka ziwani, limfoma ya Burkitt ingeshuka kwenye orodha ya magonjwa yanayoshukiwa. Somo hilo la kwetu kabisa lilikuwa mezani, likapita bila kuguswa.

Nimelalamika tangu zamani kwamba vikao hivi vinaendeshwa kwa vyeo: bingwa anaanza, wengine wanaitikia. Narudia. Aanze muuguzi, afuate aliye mafunzoni, kila mmoja aandike anachodhani kwenye karatasi kabla bingwa hajafungua kinywa, na mwanapatholojia aje mwisho. Dakika 5 za mwanzo zitengwe kwa wagonjwa wa kikao kilichopita, maana wa Rumonge wanapakiwa kwenye gari, wanapita ile barabara ya ziwani kwenda Bujumbura, na waliowaleta kikaoni hawaambiwi kama dawa ilianza, kama uvimbe ulipungua, au kama mama alirudi na mtoto.