Fundi Anayeiuliza Mota

Kontrola ya baisikeli ya umeme ikiungua, njia ya mkato ni kununua gurudumu zima, mota na kontrola yake vikiwa vimeshapatanishwa kiwandani. Njia hiyo haitaki akili nyingi, inataka hela. Mota ya zamani inatupwa pamoja na shaba na sumaku zake, ilhali haina ugonjwa wowote. Mimi namsifu fundi anayekataa kuitupa: anayenunua kontrola peke yake, ya kiwanda kingine kabisa, akaioanisha na mota iliyopo. Kazi yake haipewi heshima inayostahili.

Mota ya kitovuni si wazo la jana. Mwaka 1895 Ogden Bolton wa Canton, Ohio, alipata hataza ya Marekani kwa baisikeli yenye mota ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma. Mota ile ilikuwa na brashi, na brashi ndizo zilizopeleka umeme kwenye koili kwa zamu. Siku hizi mota nyingi za baisikeli hazina brashi. Zamu hupangwa na kontrola, nayo haiwezi kuipanga bila kujua sumaku zimefika wapi. Kazi ya kuijulisha ni ya vihisi vitatu vidogo vilivyopachikwa kwenye koili, vinavyotumia jambo alilogundua Edwin Hall mwaka 1879, kwamba sumaku husukuma pembeni umeme unaopita kwenye bati.

Ndiyo maana kwenye ekseli hutoka kwa kawaida waya nane. Tatu ni nene, za nguvu: njano, kijani na bluu. Tano ni nyembamba, za vihisi: nyekundu, nyeusi, kisha tena njano, kijani na bluu. Asiyejua akiona rangi zinafanana pande zote mbili, ya mota na ya kontrola, hudhani kazi imekwisha.

Fundi huanza mbali zaidi. Huinua gurudumu na kulizungusha kwa mkono. Likiwa zito, linakwenda kwa kukwamakwama, huchomoa zile waya nene kwenye kontrola na kuzungusha tena. Likilegea, basi transista za kontrola ndizo zilizoungua, na mota imesalimika. Jaribio hilo ni la dakika moja na halihitaji hata mita, lakini ndilo linaloamua kama mteja atoe pesa ya kontrola au ya gurudumu zima.

Kisha hesabu. Betri ya volti 36 yenye seli 10 za lithiamu ikijaa hufika volti 42. Ya volti 48 yenye seli 13 hufika 54.6. Kontrola lazima iwe ya volti za betri iliyopo, la sivyo haitajua wakati wa kukata umeme kabla seli hazijaumia. Ampea nazo zina kishawishi chake. Muuzaji atasifia kontrola ya ampea 22 kwa kuwa ina nguvu, lakini kama betri imejengwa kutoa 15, mteja atazimikiwa mlimani na mzigo mgongoni. Fundi mwaminifu humwambia hivyo kabla hajalipa.

Halafu inafika sehemu ninayoipenda kuliko zote. Waya tatu nene zina mipangilio sita, na za ishara zina sita, jumla 36. Katika hiyo yote, sita tu ndiyo huendesha mota sawasawa, mitatu kwenda mbele na mitatu kurudi nyuma. Kabla ya kuijaribu, fundi kwanza huvihoji vihisi. Ncha moja ya mita kwenye waya mweusi, nyingine kwenye wa ishara, kontrola imewashwa, gurudumu linasogezwa polepole: sufuri, tano, sufuri, tano. Kama mota ina gia ndani, hulizungusha kinyumenyume, maana likienda mbele gurudumu huteleza na mota inabaki imelala. Kihisi kisichobadilika kimekufa, na hakuna mpangilio wa rangi utakaokifufua.

Nimewahi kumsikia mteja akilalamika, “Fundi, si ufuate rangi tu, kaka?” Akajibiwa, “Rangi ni za kiwanda. Mimi nafuata mota.” Alikuwa ameziacha waya nyembamba zilivyo, anabadilisha zile nene tu, moja baada ya nyingine, akigusa mkono wa kasi kwa upole. Mpangilio mmoja ulitikisa gurudumu likakataa. Mwingine ulilizungusha, mteja akashangilia. Fundi akazima. Mota ilikuwa ikinguruma, na mita ikionyesha ampea nyingi mno kwa gurudumu lililo hewani. Mota ya namna hiyo itatembea hadi mwisho wa mtaa, iungue. Aliendelea mpaka ikazunguka laini, ikivuta kama ampea moja. Ilikuwa ikizunguka kinyume. Akazibadilisha nafasi waya mbili za ishara, akatafuta upya upande wa zile nene. Kumbuka kwamba mteja alikuwa ameridhika tangu ule mpangilio mbovu.

Zipo kontrola zenye waya mbili nyeupe ambazo, zikiunganishwa kwa muda, hutafuta mpangilio zenyewe. Ni msaada mzuri, lakini hazikazi nati za ekseli. Nati zikilegea na washa yenye jino ikawekwa vibaya, ekseli hujizungusha ndani ya fremu na kuzikata waya zote nane kwa mara moja. Wala kontrola hizo hazitamkumbusha mtu kuziacha waya zipinde chini kidogo kabla ya kuingia kwenye kisanduku, ili maji ya mvua yadondokee hapo badala ya kuifuata waya mpaka ndani.

Mwisho yule fundi alibandika utepe ndani ya kifuniko, akaandika: njano kwa bluu, kijani kwa njano, bluu kwa kijani, volti 36, ampea 15, na tarehe. Wauzaji wa kontrola wangeandika hata nusu ya hayo kwenye maboksi yao, mota nyingi zingeokolewa.